Space Invaders: Mchezo usio na mshindi, karibu nusu karne baadaye

Juma hili tunaurudia mchezo mmoja wa zamani ambao jina lake linajulikana hata na watu ambao hawajapata kuugusa. Mchezo wenyewe ni Space Invaders, yaani Wavamizi kutoka Anga za Juu, uliotolewa nchini Japani mwaka 1978. Swali tunalojiuliza ni jepesi kulitamka lakini si jepesi kulijibu: je, mchezaji wa leo, aliyezoea picha zinazokaribia uhalisia na michezo inayochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kupitia intaneti, ana lolote la kupata katika mchezo wa vivuli vyeupe juu ya kioo cheusi?

Kulijibu swali hilo kwa kusoma vitabu pekee kusingetosha. Jumamosi moja nilimchukua mpwa wangu, kijana wa miaka 16 aliyezaliwa na kukulia Uingereza, tukaenda katika jumba moja kaskazini mwa nchi hiyo ambamo zimehifadhiwa mashine za michezo za miaka ya 1970 na 1980. Mimi mwenyewe, nikiwa mvulana Mombasa katika miaka ya 1990, niliwajua wajukuu wa mchezo huu tu, katika zile mashine za kuigiza zilizounganishwa na televisheni, zenye kaseti iliyoandikwa kuwa ina michezo mia moja. Babu mwenyewe sikuwahi kukutana naye ana kwa ana hadi siku hiyo.

Tulimkuta pembeni, katika sanduku la mbao la kimo cha mtu mzima. Lilikuwa toleo la Marekani, lililotengenezwa na kampuni ya Midway kwa idhini ya Wajapani, na ndani yake picha za mchezo huakisiwa na kioo ili zionekane zikielea mbele ya mchoro wa mwezi. Mpwa wangu alilitazama, akatazama vitufe vitatu vya kuchezea, kimoja cha kwenda kushoto, kimoja cha kwenda kulia na kimoja cha kufyatulia, kisha akaniuliza: "Mjomba, ndiyo hii tu?"

Naam, ndiyo hiyo tu.

Mchezo wenyewe ukoje?

Kwa manufaa ya msikilizaji ambaye hajapata kuuona, tueleze kwa ufupi. Sehemu ya juu ya kioo husimama wavamizi 55, wamejipanga safu tano, kila safu ikiwa na wavamizi 11. Hutembea kwa pamoja kama askari kwenye gwaride: huenda upande mmoja hadi ukingoni, hushuka hatua moja, kisha hurudi upande wa pili. Chini kabisa upo mzinga mmoja wa mchezaji, usioweza kusogea mbele wala nyuma ila kushoto na kulia tu. Baina ya pande hizo mbili zimejengwa ngome nne za kujikinga.

Wavamizi wa safu mbili za chini wana thamani ya alama 10 kila mmoja, wale wa safu mbili za kati alama 20, na wa safu ya juu kabisa alama 30. Atakayelimaliza kundi zima hujipatia alama 990, mbali na zile za chombo cha siri kinachopita juu kila baada ya muda, ambacho thamani yake ni kuanzia alama 50 hadi 300. Mchezaji hupewa mizinga mitatu, au kama wasemavyo wachezaji wenyewe, maisha matatu. Lakini mvamizi mmoja tu akifanikiwa kufika chini, mchezo umekwisha, hata kama mchezaji alikuwa bado na maisha mkononi.

Na je, akiwamaliza wote 55? Hapo hakuna pongezi, hakuna muziki wa ushindi, wala hakuna hadithi inayosonga mbele. Linakuja kundi jingine la wavamizi 55, na katika hatua za mwanzo kila kundi huanza likiwa limeshuka karibu zaidi na mchezaji kuliko lililotangulia. Mchezo huu hauna mwisho mwema. Mchezaji hawezi kuushinda. Analoweza ni kuchelewesha siku ya kushindwa kwake.

Mhandisi na prosesa yake

Mbunifu wa mchezo huu ni Tomohiro Nishikado, mhandisi wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye alikuwa mtumishi wa kampuni ya Taito. Kampuni hiyo ilianzishwa mjini Tokyo mwaka 1953 na Michael Kogan, mfanyabiashara mzaliwa wa mji wa Odessa. Nishikado hakuwa mgeni katika fani hiyo. Mwaka 1975 alikuwa amebuni mchezo wa wapiganaji wawili wa bastola ulioitwa Western Gun. Kama ilivyokuwa desturi wakati huo, mchezo huo haukuwa na programu. Kila kilichotendeka kwenye kioo kilitokana na namna nyaya na vipande vya elektroniki vilivyounganishwa.

Kampuni ya Midway ilipouchukua mchezo huo na kuuuza Marekani kwa jina la Gun Fight, wahandisi wake waliujenga upya kwa kutumia prosesa ya Intel 8080. Nishikado alipoliona toleo hilo alitambua kuwa hapo ndipo mlango wa siku za usoni ulipo. Kwa prosesa, kubadili mchezo hakukuhitaji tena kukata na kuunganisha nyaya, kulihitaji kuandika upya maagizo. Tatizo ni kwamba vifaa vya kumwezesha mtu kuandika programu za namna hiyo havikupatikana kwa urahisi nchini Japani. Ikambidi avitengeneze yeye mwenyewe kwanza, ndipo aanze kuutengeneza mchezo. Kazi hiyo, ambayo sehemu kubwa aliifanya peke yake, ilimchukua takriban mwaka mmoja.

Aliyekuwa akilini mwake ni mshindani. Mwaka 1976 kampuni ya Atari ya Marekani ilikuwa imetoa Breakout, mchezo wa kubomoa ukuta wa matofali kwa mpira, ambao ulipendwa sana Japani. Nishikado aliipenda ile raha ya kuangusha shabaha moja baada ya nyingine mpaka zote zimalizike. Akajiuliza: itakuwaje iwapo matofali hayo yatakuwa hai, yatasogea na kurudisha risasi?

Alijaribu vifaru na ndege, lakini mwendo wao kwenye kioo haukumridhisha. Umbo lililotembea vizuri kuliko yote lilikuwa la binadamu, ila kuwafanya watu kuwa shabaha ya kufyatuliwa risasi kulionekana kuwa ni jambo lisilofaa. Suluhisho likatoka angani. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ilikuwa imewasha hamu ya mambo ya anga duniani kote, na Nishikado alikikumbuka kisa cha mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells, The War of the Worlds, kilichochapishwa kuwa kitabu mwaka 1898, ambamo wavamizi kutoka sayari ya Mirihi wana maumbile yanayofanana na ya pweza. Kutoka kwa pweza akafika kwa viumbe wengine wa baharini. Ndiyo maana msikilizaji wa pwani akivitazama vivuli vile kwa makini, hahitaji kuelezwa na mtu: chini wamejipanga pweza, katikati ni kaa, na juu kabisa ni ngisi.

"Mbona wanazidi kukimbia?"

Turudi kwenye lile jumba. Mchezo wa kwanza wa mpwa wangu haukufikisha hata dakika mbili. Alikibonyeza kitufe cha kufyatulia mfululizo kama alivyozoea, akashangaa kuona risasi hazitoki. Akafa mara tatu, akacheka, akaanza upya. Katika jumba lile kiingilio hulipwa mlangoni, na mashine zote huchezwa bila sarafu. Alicheza mara tano hivyohivyo, kila mara akifa upesi na kila mara akianza tena bila kujali. "Wanatembea kama kobe," alisema, akawa anageuza macho kutafuta mashine nyingine.

Hapo ndipo nilipomwambia: "Umebakiwa na mchezo mmoja tu, kisha tunaondoka."

Msikilizaji mpenzi, ingefaa ungemwona. Aliondoa mkono mmoja mfukoni. Alisogea karibu na kioo. Kwa mara ya kwanza alijificha nyuma ya ngome, akasubiri, akachungulia, akafyatua risasi moja, akarudi mafichoni. Walipobaki wavamizi wanane hivi, aliuliza bila kugeuka: "Mjomba, mbona wanazidi kukimbia?"

Swali hilo ndilo kiini cha mchezo huu, na jibu lake ni mojawapo ya visa mashuhuri katika historia ya michezo ya kompyuta.

Prosesa ya Intel 8080 ilikuwa na kasi ya megahezi 2 hivi, yaani mapigo milioni 2 kwa sekunde, ilhali kasi ya simu ya mkononi ya siku hizi huhesabiwa kwa mabilioni. Programu nzima ya Space Invaders ilitoshea katika kumbukumbu ya kilobaiti 8. Picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu huweza kuuzidi ukubwa huo mara mamia. Kwa uwezo mdogo kiasi hicho, mashine haikuweza kuwasogeza wavamizi wote 55 kwa mkupuo. Kioo kilichorwa upya mara 60 kila sekunde, na katika kila mchoro mashine ilimsogeza mvamizi mmoja tu.

Fanya hesabu pamoja nami. Wavamizi wakiwa 55, itachukua karibu sekunde nzima hadi kila mmoja awe amepiga hatua moja. Wakibaki 10, kundi zima litapiga hatua katika sehemu ya sita ya sekunde. Na akibaki mmoja peke yake, husogezwa katika kila mchoro, mara 60 kwa sekunde. Hakuna aliyeketi akapanga kuwa wavamizi waongeze kasi. Kasi hiyo ni matokeo ya mashine kupunguziwa mzigo. Nishikado alipoiona hali hiyo angeweza kuandika programu ya kuirekebisha. Badala yake aliona kuwa inausisimua mchezo, akaiacha.

Maana yake ni kwamba kila adui anayeangushwa huwaongezea nguvu wale waliosalia. Mchezaji anapokaribia kabisa kulimaliza kundi, ndipo anapokabiliwa na hatari kubwa kuliko zote. Isitoshe, chini ya yote hayo husikika sauti nne nzito zinazojirudia, dum, dum, dum, dum, kama mapigo ya moyo, nazo huongeza mwendo kadiri wavamizi wanavyopungua. Mpwa wangu hakuwa na habari za prosesa wala megahezi, lakini mabega yake yalikuwa yamepanda hadi karibu na masikio.

Risasi moja, ngome nne

Jambo la pili ambalo mchezaji wa leo hulazimika kujifunza upya ni subira. Katika michezo mingi ya siku hizi, anayekishikilia kitufe hufyatua risasi kama mvua. Katika Space Invaders, risasi ya mchezaji huwa moja tu kwenye kioo kwa wakati wowote. Mpaka ipige kitu au ipotelee juu, mzinga hauwezi kufyatua nyingine. Akikosea shabaha, basi adhabu yake ni kusimama mikono mitupu huku risasi yake ikipanda taratibu hadi juu ya kioo na wavamizi wakiendelea kushusha zao. Haraka haraka haina baraka, wasemavyo wahenga, na mashine hii huufundisha usemi huo kwa vitendo.

Kadhalika ngome. Ngome nne zile humkinga mchezaji, lakini kila risasi humega kipande chake, iwe imetoka kwa adui au kwa mchezaji mwenyewe aliyefyatua akiwa chini yake. Wavamizi wanaposhuka hadi kwenye kimo cha ngome, huzifuta kwa kuzipitia tu. Kwa hiyo kinga yenyewe ni akiba inayopungua, na kila mtu huamua mwenyewe aitumie lini. Wapo wanaotoboa tundu jembamba katikati ya ngome yao kwa makusudi, wapate kufyatua kupitia humo huku wamejificha. Mpwa wangu aliigundua mbinu hiyo bila kufundishwa na mtu, katika ule mchezo wake wa mwisho. Katika michezo mitano ya mwanzo hakuwa hata na haja ya kuitafuta.

Wachezaji wa Japani katika siku zile walifika mbali zaidi. Waligundua kuwa thamani ya kile chombo cha siri haitolewi kwa bahati nasibu, bali hufuata hesabu ya risasi ambazo mchezaji amekwisha kufyatua. Anayekipiga kwa risasi yake ya 23, na baada ya hapo kwa kila risasi ya 15, hupata alama 300. Vilevile waligundua mbinu iliyopewa jina la mji wa Nagoya. Wavamizi wanapofika safu ya chini kabisa, hatua moja tu kabla ya ushindi wao, risasi zao hazimdhuru tena mchezaji aliye chini yao. Mwenye moyo mgumu huwaacha wafike hapo kwa hiari yake, kisha huwapunguza mmoja baada ya mwingine, akijua kuwa kosa moja litamaliza kila kitu.

Umaarufu na hofu

Nchini Japani mchezo huu ulienea kwa kasi isiyopata kuonekana. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba hadi mwishoni mwa mwaka 1978 mashine zipatazo laki moja zilikuwa zimesambazwa. Nyingi zilijengwa kwa umbo la meza, zikawekwa katika migahawa ya kahawa ili mteja acheze huku akinywa. Yalifunguliwa hata majumba ambayo hayakuwa na mchezo mwingine ila huo. Huenda msikilizaji umepata kusikia kwamba mchezo huo ulisababisha uhaba wa sarafu za yeni 100 nchini humo. Kisa hicho kimesimuliwa kwa miaka mingi, lakini takwimu za utengenezaji wa sarafu za miaka hiyo haziungi mkono dai hilo.

Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa toleo la kuchezwa nyumbani katika mashine yake ya Atari 2600, baada ya kupata leseni rasmi kutoka kwa wenye mchezo. Toleo hilo liliuza nakala zaidi ya milioni moja katika mwaka wake wa kwanza, na wapo walionunua mashine ile kwa ajili ya mchezo huu peke yake.

Sambamba na umaarufu huo ikaja hofu. Wazazi na walimu walilalamika kwamba vijana wanapoteza fedha na muda. Nchini Uingereza suala hilo lilifika Bungeni. Mwezi Mei mwaka 1981, mbunge wa chama cha Labour, George Foulkes, aliwasilisha hoja ya muswada wa kuzipa serikali za mitaa mamlaka ya kudhibiti Space Invaders na michezo mingine ya elektroniki, akidai kuwa vijana wamekuwa watumwa wa mashine hizo. Hoja ilipigiwa kura na kushindwa kwa kura 114 dhidi ya 94. Mzazi wa leo anayebishana na mwanawe kuhusu saa za kucheza na afahamu kuwa mabishano hayo yana umri mkubwa kuliko yeye.

Hapa inafaa tuwe waadilifu. Si vyema kuisifu michezo ya kale kana kwamba ilitengenezwa na malaika. Mashine ya sarafu ilijengwa ili imeze sarafu. Ugumu wake ulikuwa ni biashara, kwani mchezaji anayekaa nusu saa kwa sarafu moja ni hasara kwa mwenye mashine. Aidha, mchezaji wa leo ana haki ya kulalamika kwamba mchezo huu unajirudiarudia, kwamba aliyeyaona makundi mawili ya wavamizi ameyaona karibu yote, na kwamba mwanzo wa kila kundi ni wa polepole hata kuchosha. Mwaka 1979 tu, kampuni ya Namco ilitoa Galaxian, ambamo maadui wana rangi halisi na huvunja safu na kumrukia mchezaji. Baada ya hapo Space Invaders ulianza kuonekana wa kizamani, nao ulikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Hata hivyo, ipo tofauti moja ambayo ni muhimu, hasa kwa wazazi wanaotusikiliza. Katika michezo mingi ya simu za mkononi ya siku hizi, anayeshindwa huletewa tangazo la kununua: lipa, uongezewe maisha, lipa, upate silaha bora, lipa, uruke hatua hii. Fedha huingia ndani ya mchezo wenyewe na kubadili matokeo yake. Katika mashine ile ya mwaka 1978, sarafu ilinunua mwanzo mpya tu. Tajiri na maskini walianzia sifuri, wakiwa na mizinga mitatu ileile na wavamizi 55 walewale. Alama zilizoandikwa juu ya kioo hazikuweza kununuliwa kwa sarafu nyingi zaidi. Mashine ilikuwa na tamaa, lakini haikudanganya.

Na kuna somo jingine alilonionyesha mpwa wangu bila kukusudia. Alipoweza kuanza upya bila gharama yoyote, mchezo ulikuwa mtupu kwake. Alipobakiwa na nafasi moja, vivuli vilevile na vitufe vilevile vikawa na uzito. Simaanishi kuwa uwezo wa kuhifadhi mchezo na kuuendeleza kesho ni jambo baya. Hadithi ya saa 50 haiwezi kuchezwa pasipo uwezo huo. Lakini mchezo huu haukubuniwa kwa ajili ya wingi. Ulibuniwa katika uhaba wa kumbukumbu, wa risasi, wa ngome na wa sarafu. Anayeucheza akiwa ameuondoa uhaba huo, kwa hakika hajaucheza.

Kutoka jumba la makumbusho hadi Mombasa

Leo mchezo huu umeingia mahali ambapo George Foulkes na wenzake pengine hawakupadhania. Mwaka 2013 uliingizwa katika hazina ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa mjini New York, na mwaka 2016 ukatajwa miongoni mwa michezo mashuhuri ya dunia na jumba la Strong mjini Rochester, katika jimbo hilohilo la New York. Wapenzi wa mashine za zamani nao, kupitia mradi wa MAME ulioanza mwaka 1997, wametengeneza programu inayoiigiza mashine ile ndani ya kompyuta ya kawaida. Juhudi kama hizo zina umuhimu wake, maana vioo vya televisheni za zamani vinavyotumika katika masanduku ya asili havitengenezwi tena kama zamani, na kila kinachoharibika ni vigumu kupata badala yake.

Na wavamizi wenyewe wameendelea kuvamia. Msanii mmoja wa Kifaransa ajiitaye Invader amekuwa tangu miaka ya 1990 akibandika sanamu zao za vigae kwenye kuta za miji, kuanzia Paris. Miongoni mwa miji aliyoifikia ni London, Tokyo, Los Angeles na Mombasa. Mwaka 2015 kigae chake kimoja kilifika hata kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kwa hiyo ngisi wa Nishikado, aliyesemekana kutoka angani, hatimaye alipelekwa huko.

Tumalizie tulipoanzia. Mchezo wa mwisho wa mpwa wangu ulikwisha katika kundi la pili, akiwa na alama 1,380. Ngome zake zote zilikuwa zimefutika. Risasi yake ya mwisho ilipita pembeni kidogo mwa mvamizi, ikapanda, ikapanda, naye akaitazama bila kuweza kufanya lolote mpaka akapigwa. Hakucheka safari hii. Alitazama juu ya kioo, akaona alama zake ndizo za juu kuliko zote za siku ile, akaitoa simu yake na kuipiga picha.

Alifanya vyema kuipiga. Mashine hiyo haina uwezo wa kukumbuka. Mhudumu wa jumba anapoizima usiku, alama ya juu hufutika, na asubuhi anayekuja kwanza hukuta sifuri. Tulipokuwa tukitoka mlangoni, kijana aliniuliza: "Mjomba, Jumamosi ijayo una kazi?"

Hadi hapo, mpenzi msikilizaji, ndipo tunapofikia tamati ya makala yetu ya juma hili. Iwapo unao mchezo wa zamani uliokaa rafuni au darini, huko Muscat, Birmingham au Minneapolis, usiutupe kabla hujaucheza mara moja, mara moja tu, kana kwamba hutapewa nafasi nyingine.